Umestaafu jeshi la majini? Iandike bahari

Wenzangu wanaokaribia kuvua magwanda wananiuliza mtu anaingiaje kwenye historia ya bahari, tena akiwa anaishi Nairobi. Nawajibu: anza na kile ambacho mwanahistoria wa chuoni hana. Wewe umeshika zamu usiku. Unajua chombo kinaweza nini na hakiwezi nini.

Chukua mzingiro wa Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa. Waomani waliizingira ngome Machi 1696, na msaada wa Wareno kutoka Goa, India, ukafika Desemba. Mtu wa bara atauliza, mbona walijikokota hivyo? Baharia hana haja ya kuuliza. Machi kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, inaishia, kisha kusi, upepo wa kutoka kusini, inaingia, na chombo cha tanga hakitoki Goa kuja Mombasa kikipambana na kusi. Ilibidi kaskazi irudi. Miezi yote hiyo upepo ulikuwa upande wa Waomani, na jambo hilo hulioni ukisoma tarehe peke yake.

Kwa hiyo kila tarehe unayoikuta, iandikie pembeni upepo wa msimu ule, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na kina cha maji. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu maji yalikuwa haba. Ikabidi ziletwe Severn na Mersey, ambazo hazihitaji kina kirefu, na Julai 1915 Königsberg ikaisha. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus. Ukienda Mombasa, kasimame kando yake.

Lakini Nairobi nayo ina bahari yake. Nenda makaburi ya vita ya Ngong Road, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Humo wamo askari waliokufa kwenye meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa takriban dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, mamia yao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana kaburi, wana jina tu. Nenda na daftari, uyanakili polepole. Mkenya akisoma jina mara nyingi hukisia kwao ni wapi, na hapo ndipo unapoanzia kuitafuta familia. Kwangu mimi hakuna kazi kubwa kuliko hii, na haijafanywa vya kutosha.

Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, omba majalada ya Mkoa wa Pwani, hasa taarifa za mwaka za Lamu. Usiishie kwenye siasa za maofisa wa kikoloni; tafuta majahazi, boriti za mikoko na forodha. Nenda na penseli na subira.

Usichelewe na wazee. Kenya Navy iliundwa 12 Desemba 1964, kwa hiyo walioanza nayo wana umri mkubwa sasa. Usimwulize mzee, "Enzi zile zilikuwaje?" Atakupa hotuba. Mwulize zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alikuwa na nani, nani alishika usukani, walikunywa nini. Mpelekee ramani ya bahari pia. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimesahau yote." Nilipomtandazia mezani ramani ya Kilindini, bandari ya Mombasa, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mlango wa bandari, akaanza kunitajia boya moja baada ya jingine, na lipi lilikuwa halionekani mvua ikinyesha. Tulikaa mpaka magharibi.

Mambo ya operesheni yanayolindwa na sheria yaache. Mengine yaandike jioni ile ile, kwa maneno yake, kisha umrudishie ayasome kabla hujayachapisha popote. Na nakala moja iache kwake, wajukuu waipate.