Ringo hakubebwa

SWALI: Shikamoo mzee. Kijiweni nimesema Ringo Starr wa Beatles, ile bendi ya zamani ya Uingereza, ni mpiga drams hodari, wakanizomea. Wanadai hata John Lennon, mwimbaji mwenzake, alisema Ringo hakuwa bora hata ndani ya Beatles kwenyewe. Nimekosea? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea hata chembe. Kauli hiyo Lennon kasingiziwa. Ilivuma kwa wachekeshaji wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye keshafariki.

Mimi nimepiga drams bendi ya dansi miaka kumi na tisa, kwa hiyo hili linanigusa. Siku moja nilijifungia niuige ule mzunguko wa drams wa “Come Together”, wimbo wa Beatles wa mwaka 1969. Mikono iligongana, fimbo ikaniponyoka. Sababu ni kwamba Ringo ni shoto, lakini anapiga seti iliyopangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Anapozunguka kwenye ngoma, mkono wa kushoto ndio unaotangulia, na mlio unatua mahali ambapo mimi na wewe hatuutarajii. Hilo huwezi kulinunua dukani!

Ni kweli, Septemba 1962 studio walimleta mpiga drams wa kukodi, Andy White, apige wimbo wao “Love Me Do”, Ringo akapewa tari. Alikuwa ana wiki chache tu kwenye kundi. Miaka minne baadaye akapiga “Rain”. Wapigie hao wenzako wimbo huo, uwaambie wasimsikilize mwimbaji, wafuate drams peke yake mpaka mwisho.