Usiishie kwenye muhuri wa UONGO

Picha iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo saa mbili usiku: daraja limekatika, basi dogo limeinama mtoni, na maandishi yakidai ni barabara yetu ya kwenda Tororo, hapa Uganda. Aliyeituma ni mpwa wangu wa Kampala. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta wahakiki habari wameshaigongea muhuri mwekundu: UONGO, picha ni ya Kenya. Nikabandika makala yao kundini nikidhani kazi imekwisha.

"Shangazi, hao wanalipwa," mpwa akajibu.

Baba mdogo, mstaafu wa jeshi ambaye Kiswahili chake ni cha kambini hadi leo, huwa hakubaliani na kijana huyo hata juu ya bei ya sukari. Safari hii akaandika: "Leo umesema kweli. Wanalipwa na wazungu."

Nikaikuza picha mpaka ikaanza kuvunjika. Kwenye namba ya gari, herufi ya kwanza ilikuwa K. Sisi wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, tunazijua: U ni yetu, K ni ya ng'ambo ya mpaka. Mpwa akasema gari la Kenya huvuka kila siku, na hapo alikuwa na haki. Kilichomnyamazisha kilikuwa ndani ya makala yenyewe ya wahakiki, aya ya nne: linki ya picha ileile ilivyochapishwa Kenya miaka miwili kabla. Mimi nilikuwa nimesoma kichwa cha habari tu, kisha nikawataka wenzangu waamini.

Tangu siku hiyo nikiona muhuri nashuka moja kwa moja kutafuta ushahidi. Kama upo na naweza kuufungua mwenyewe, sijali sana nani kaandika. Kama haupo, hata muhuri uwe mwekundu namna gani, nauacha hapohapo.

Maana wahakiki wanakosea pia. Kuna siku nilikwenda sokoni na kikapu changu nikakuta mnyororo langoni. Habari zikazunguka kwamba soko limefungwa. Tovuti moja, siitaji, ikaandika ni uongo. Ushahidi wao? Msemaji amekanusha. Basi! Niliwatumia barua pepe pamoja na picha ya mnyororo. Baada ya siku tisa wakageuza "uongo" kuwa "ina ukweli kiasi", wakaweka mstari mmoja chini kabisa ya makala. Kundini kwetu muhuri wa kwanza ulikuwa umefika siku ileile. Marekebisho hakuna aliyeyaleta.

Ndiyo maana ukiniuliza kama wana upendeleo nakujibu kwamba wanao, ila mara nyingi si wa chama. Ni kumwamini mno mwenye cheo, kwa sababu yeye ana simu inayopokelewa na muuza samaki hana. Msemaji akikanusha, huo ni upande mmoja umesema. Upendeleo mwingine umejificha kwenye uchaguzi wa cha kuhakiki: kila makala yaweza kuwa sahihi, lakini kama kwa miezi sita wamehakiki maneno ya kambi moja tu, picha nzima imepinda. Pitia makala zao ishirini za mwisho uhesabu. Mimi nilihesabu nikiwa kwenye foleni ya benki, haikuchukua muda.

Kuhusu pesa, baba mdogo hajakosea kabisa. Wengi wao huishi kwa ufadhili, na kwa miaka kadhaa Meta, wenye Facebook, waliwalipa wahakiki. Januari 2025 Mark Zuckerberg akatangaza kuusitisha mpango huo Marekani, akidai wahakiki wameegemea upande wa kisiasa. Lakini kulipwa si siri kwa walio makini. Mtandao wao wa kimataifa, IFCN, una kanuni tangu 2016: taja wafadhili, eleza njia uliyotumia, sahihisha makosa hadharani. PesaCheck, wanaohakiki pia habari za Uganda na huandika hata kwa Kiswahili, na Africa Check, walioanza 2012, wote wana kurasa za kueleza pesa zinatoka wapi. Tovuti isiyo na ukurasa huo siifungui mara ya pili.

Hasira ya baba mdogo ina mzizi mwingine. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti ilizosema zinahusiana na wizara ya habari, na serikali ikaifunga Facebook nchini. Waliofuta ni kampuni, wala si wahakiki, lakini kwake wote ni kapu moja. Nimemweleza mara tatu. Hunijibu kwa alama ya dole gumba, na kwa mwanajeshi sijui kama hiyo ni ndiyo au ni "nimesikia".

Jana alfajiri amenitumia, mimi peke yangu, video ya dakika nne kuhusu bei ya kahawa, na neno moja chini yake: "Kagua." Bado sijaifungua. Bando limeisha.