Mimi ni Vasya, na sababu ni mkate

Mmeuliza wiki hii ni shujaa gani wa kike kwenye fantasia za kihistoria tunayemkubali zaidi. Mimi ni Vasya tu, yule Vasilisa Petrovna wa vitabu vitatu vya Katherine Arden, cha kwanza The Bear and the Nightingale cha 2017, stori ya Urusi ya karne ya 14 Moscow ikiwa bado chini ya Wamongolia. Wengi wanamsifia kwa farasi na kuvaa kiume, mi hayo naona ya kawaida, kila binti wa fantasia siku hizi anafanya. Namkubali kwa mkate.

Kijijini kwao kila nyumba ina domovoi, kazee kadogo kanakaa kwenye jiko lile kubwa la kupasha nyumba joto, mnakaachia chakula nako kanawalinda, na hii Arden hajaitunga, ni imani ya kweli ya Warusi wa zamani. Vasya anawaona hawa viumbe. Sasa anakuja padri Konstantin, mchora picha za watakatifu, sauti tamu balaa, anawatisha watu wee mpaka wanaacha kuwalisha, basi walinzi wananyong'onyea, baridi inakaza, njaa inaingia, wafu wanaanza kutoka makaburini. Na binti yuko pale pale, ananyata na kipande chake cha mkate.

Ila aliyenimaliza ni mama wa kambo, Anna. Naye anawaona! Macho yale yale, sema yeye anaamini ni mashetani, kwa hiyo maisha yake ni mayowe na kukimbilia kanisani. Tena yeye usichanani alitaka mwenyewe kuwa mtawa, akaozwa kwa nguvu kwa babake Vasya, halafu huyo huyo ndo anakomaa Vasya apelekwe kwa watawa kwa lazima, jamani! Nilimchukia na kumwonea huruma ukurasa mmoja.

Mapenzi na Morozko, yule mfalme wa baridi, yalinichosha kusema kweli, yangepunguzwa. Lakini vumilieni mfike kitabu cha tatu kwenye vita vya Kulikovo, ambavyo ni vya kweli kabisa, 1380, mtawala Dmitri wa Moscow dhidi ya Mamai, jemadari wa hao Wamongolia, maana pale kazi kubwa ya Vasya ni kuwaleta vitani viumbe wale wale walionyimwa mkate, wapigane upande wa watu waliowanyima.