Samaki wanatema chakula chenye dawa ya minyoo: anza na hesabu, viungo baadaye

Mkuu, umesema samaki wako wana minyoo ya matamvua, daktari amekuandikia prazikwanteli ya kuchanganya kwenye chakula, nawe umeipaka kwenye punje za chakula pamoja na kitunguu saumu. Samaki wanazidaka, wanazigeuzageuza mdomoni, kisha wanazitema. Wengi watakuambia uongeze kitunguu saumu. Mimi siko upande huo, na nimehangaika na dawa hii miaka kadhaa, kwenye matangi na kwenye vizimba.

Harufu na ladha ni mambo mawili. Kitunguu saumu, unga wa uduvi, maji ya ngisi, vyote vinamwita samaki aisogelee punje. Kumeza au kutema kunaamuliwa mdomoni, na huko uchungu wa prazikwanteli haufichiki kwa harufu. Samaki anayekuja mbio halafu anatema amekwisha kukujibu: mvuto upo, cha kuficha uchungu hakipo. Kambare ndiye kabisa, maana ana vionjeo hadi kwenye ndevu na ngozi, anaweza kuikataa punje kabla hajafungua mdomo. Sukari na asali usipoteze muda nazo. Samaki wengi huvutwa na amino asidi (vijenzi vya protini), ndiyo maana vitu vya baharini hufanya kazi kuliko vitamu.

Kwa faida ya wanaopenda undani: prazikwanteli ya kawaida ni mchanganyiko wa molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Moja ndiyo inayoua minyoo. Nyingine haina kazi kubwa kwa minyoo, lakini ndiyo chungu zaidi. Yaani sehemu kubwa ya uchungu unaopigana nao inatoka kwenye nusu isiyokusaidia, na wewe shambani huwezi kuzitenganisha.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika. Dozi huandikwa kwa uzito wa samaki, lakini uchungu unategemea dawa iliyomo ndani ya kila punje. Tuseme umeandikiwa miligramu 50 kwa kila kilo ya samaki kwa siku (huu ni mfano wa hesabu tu, fuata cheti chako). Kama samaki wanakula asilimia 2 ya uzito wao, kilo moja ya samaki inakula gramu 20, kwa hiyo kila kilo ya chakula inahitaji gramu 2.5 za dawa. Wakila asilimia 1, kilo ileile ya chakula inabeba gramu 5. Dozi haijabadilika, uchungu umekuwa mara mbili. Na samaki mwenye minyoo, au aliye kwenye maji yaliyopoa, hula kidogo. Ukitumia jedwali la kwenye mfuko wa chakula linalosema asilimia 3 wakati wako wanakula 1, dawa inayoingia mwilini ni theluthi moja ya dozi, kisha utasema minyoo imekuwa sugu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua dawa, pima wanachokula kweli kwa siku chache. Angalia pia nguvu ya dawa yenyewe: ikiwa unga una asilimia 50 tu ya dawa halisi, kiasi cha unga kinakuwa mara mbili. Halafu muulize daktari kama dozi inaweza kugawanywa kwa siku nyingi zaidi kwa kiwango cha chini kila siku. Wakati mwingine inawezekana, na hilo peke yake hupunguza kutema kuliko kiungo chochote nilichowahi kujaribu. Usijigawie mwenyewe, maana dozi ikishuka sana minyoo inabaki.

Kupaka. Mimi hupaka tabaka mbili. Nachanganya dawa na mafuta ya samaki hadi pasiwe na madonge, namimina polepole huku punje zinazunguka kwenye chombo cha kuchanganyia, kisha naziacha zinywe mafuta. Baadaye natumia gelatini iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto na kuachwa ipoe hadi uvuguvugu, nayo napaka juu kama ganda jembamba, nakausha kivulini penye upepo. Unga wa uduvi nauweka kwenye tabaka hili la nje, mahali ambapo samaki anakutana nao kwanza. Wanaoweka kila kitu pamoja kwenye ndoo moja wanaacha dawa juu kabisa ya punje, ndiyo inayoonjwa mwanzo. Vaa glavu na barakoa, unga huu unapeperuka. Kama kiwanda kinachokuuzia chakula kina mashine ya kuvuta hewa ili mafuta yazame ndani ya punje, waombe wakufanyie wao kwa cheti cha daktari. Huifikii kazi hiyo kwa mikono.

Nashuka pia saizi moja ya punje. Ndogo inamezwa haraka, haitafunwi sana.

Siku chache kabla, walishe punje zilizopakwa mafuta na gelatini bila dawa ili wazoee umbile jipya. Wanyime chakula siku moja, kisha dawa iwe mlo wa kwanza, asubuhi hewa ya maji ikiwa nzuri. Mwaga sehemu pana, usirundike pembeni, la sivyo wakubwa wanakula dozi ya wadogo. Wakianza kutema, simama. Ukiendelea kuwalazimisha wanajifunza, na kesho watakataa hata punje safi zinazofanana na zile.

Kuna samaki ambao hutawapata kwa chakula hata ufanyeje: wale dhaifu wasiokula kabisa, na mara nyingi ndio wenye minyoo mingi. Hao dawa yao ni kuogeshwa kwenye maji yenye dawa, kwa kipimo cha daktari na hewa ya kutosha. Vimelea vya chembe moja kama vya ugonjwa wa madoa meupe ni habari nyingine. Prazikwanteli ya chakula haiwagusi. Na kumbuka minyoo mingi ya matamvua hutaga mayai, na dawa haiui mayai. Raundi ya pili lazima iwepo, ikipangwa kwa joto la maji, maana maji ya moto huyaangua haraka. Mnyoo aitwaye Gyrodactylus yeye huzaa watoto hai, kwa hiyo jibu la hadubini kuhusu ni mnyoo gani ndilo linalopanga ratiba. Muda wa kusubiri kabla ya kuvua wa kula uhesabiwe upya kuanzia siku ya mwisho ya raundi hiyo.

Tupe aina ya samaki, uzito wa wastani, joto la maji na asilimia wanayokula sasa, tukusaidie kupiga hesabu ya gramu kwa kilo ya chakula.