Serikali Ipange au Soko Liachwe?

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni muuzaji wa boriti katika mtaa wa Langoni, Lamu, kazi niliyoirithi kwa baba yangu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, nilikaa bila shehena ilhali leseni nilikwisha kuilipia. Serikali hiyo hiyo hupanga bei ya petroli ninayotilia boti yangu. Mwanangu anayesomea uchumi anashikilia kwamba soko likiachwa huru hujirekebisha lenyewe. Je, ni kweli?
Muuza Boriti, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Mwanao amesema kweli kuhusu bidhaa nyingi, lakini boriti haimo miongoni mwazo, na petroli ina kisa chake.

Korija, yaani miti ishirini, ya pau au ya mazio (vipimo viwili vya miti ya mkoko) ikishushwa bandarini, bei yake imekwisha kubeba jasho la mkataji, nauli ya jahazi, ada ya leseni na faida yako. Isichobeba ni hasara ya mvuvi wa kamba na kaa, ambaye mazalia anayoyategemea yamo katika mizizi ya mkoko uliokatwa, kwa kuwa yeye hakuitwa mlipokuwa mkipatana bei. Muuzaji ameridhika, mnunuzi ameridhika, na gharama imemwangukia mtu wa tatu. Soko halina njia ya kuliona hilo, hata likiachwa miaka mia. Ndiyo maana misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu 1932, na mwaka 1982 ukapigwa marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi, biashara iliyokuwa imewapeleka manahodha wetu Uarabuni kwa karne nyingi.

Hata hivyo, kuhitajika kwa kanuni hakuifanyi kila kanuni kuwa ya haki. Marufuku ya Februari 2018, iliyotangazwa kwanza kwa siku 90 kisha ikarefushwa, ilichochewa hasa na uharibifu wa misitu ya bara na kupungua kwa maji ya mito, lakini ikamkumba na mkataji wa Lamu, wilaya ya zamani ambayo leo ni kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Amri ya jumla namna hiyo humfunga mikono mwenye leseni, kwa sababu jina lake limo katika daftari. Anayekata usiku hana cha kunyang'anywa. Mimi ningependelea ukataji wa zamu, eneo moja likikatwa na jingine likipumzishwa, na miti ihesabiwe kabla ya kupakiwa. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya misitu, malisho na mifereji kwamba watumiaji wenyewe huweza kutunga kanuni na kuzisimamia bila kungoja amri ya mbali. Sheria ya misitu ya 2016 imevipa vyama vya jamii nafasi ya kushiriki. Wakataji na wavuvi wakae humo pamoja, si kila kundi kivyake.

Ama petroli, Kenya iliiachia soko mwaka 1994, kisha ikarudia kuweka kikomo cha bei Desemba 2010. Sasa EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14 ya mwezi. Mwenye mashine ya boti hana mbadala wa haraka, kwa hiyo kikomo kina hoja, ingawa hakipunguzi kodi wala bei ya dunia. Kikomo kisipopimwa vizuri huumiza: sheria ya 2016 iliyozuia riba isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu ilizifanya benki zipendelee kuikopesha serikali, wafanyabiashara wadogo wakanyimwa mikopo, na mwaka 2019 kikomo hicho kikaondolewa.

Kuhusu leseni uliyoilipia usiitumie, hilo mimi nalihesabu kuwa deni. Iandikie ofisi iliyokutoza, ambatisha nakala ya risiti, na uombe kurudishiwa ada au kupewa leseni nyingine bila malipo. Wakikukatalia, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki hiyo.