Usichapishe hivyo vijitabu kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Umeandika umebakiza wiki sita uende utume, masomo kumi umeshayaandaa, kesho unapeleka nakala 150 zikachapishwe, halafu unauliza ubebe nini, uchanjwe nini, na kama ni kweli alichowaambia mwezeshaji wenu kwamba kujiandaa na utume ni sawa na kuandaa chakula cha familia. Nilipofika hapo kwenye "kesho napeleka" tumbo likanikata. Usipeleke. Mengine baadaye.

Huo mfano wa chakula na mimi nililishwa. Semina ya walei siku tatu, jamaa kashika maiki anasema mmisionari ni mpishi, mgeni akifika akute chakula mezani kinatoa mvuke. Ukumbi mzima makofi, mimi nikaandika kwa kalamu nyekundu na mstari nikapigia. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza, jamani hapa mgeni ni nani? Si ni sisi tunaobeba mabegi kwenda kwa watu? Fungua Luka 10, wale sabini na wawili wanatumwa wawili wawili bila mkoba, na wanaambiwa wakiingia mji wakapokelewa, wale wanachowekewa. Wale! Kupika hakukutajwa kabisa. Shuka chini sura hiyohiyo unamkuta Martha anahangaika na shughuli zake mpaka Bwana anamwambia atulie. Sijui huyo mwezeshaji alisoma Luka ipi, na hela ya semina tulilipa.

Sasa sikia nilichofanya. Nilifunga vijitabu 200, jalada la rangi, kurasa 48, mada ni malezi ya kikristo nyumbani. Somo la kwanza nililipenda kuliko yote, nililiita Meza ya Familia, linasema baba aanzishe sala kabla ya kula, mama asome Injili fupi, watoto wajibu, simu ziwekwe mbali. Nililiandika usiku nikiwa peke yangu chumbani, nakula mkate na chai, sijaoa, sina mtoto. Cheka tu, mimi nilishamaliza kucheka.

Siku ya kwanza watu walikuja kama arobaini hivi. Nikagawa vijitabu, nikawasha projekta, nikaanza, baba hivi, mama vile. Kimya. Si kile kimya cha kusikiliza, ni kile cha watu wenye adabu. Katekista yuko pembeni anakohoa, na mimi nikadhani vumbi. Mwisho bibi mmoja wa mstari wa pili akanyoosha mkono, kijitabu kakishika kama mtu aliyepewa barua ya jirani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na sisi ambao mezani tuko wenyewe na wajukuu, tunaanzia ukurasa wa ngapi?"

Hapo ndio nikawaangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Karibu ukumbi wote ni mabibi. Wazazi wa wale watoto wako mbali kutafuta maisha, wengine miaka. Nimesimama mbele ya watu ambao hakuna baba mezani, nafundisha baba akae upande gani wa meza. Sikuwa na ukurasa wa kumjibu. Nikasema tutalifikia hilo, uongo mtupu, halikuwemo. Na saa kumi jioni niliyoipanga mimi ndiyo saa wanayopokea watoto kutoka shule, kwa hiyo kikao cha tatu nilikuwa na watu sita na wawili ni watoto wamelala. Katekista baadaye ndio ananiambia, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kwamba wale mabibi wana kikundi chao cha sala miaka mingi, walichokuwa wanataka ni mtu wa kukaa na vijana wakubwa waliowashinda. Simu moja tu. Angeniambia kabla sijaandika hata kichwa cha habari!

Kwa hiyo mfano wenyewe si mbaya, ila jamaa alianzia kwenye moto. Mtazame mama yako siku ndugu wote wanakuja. Mama yangu hagusi sufuria kwanza, anatoa sahani kabatini anazipanga anahesabu, hii ya fulani ana presha asiwekewe chumvi, hii ya yule mtoto karanga zinamvimbisha, huyu anachelewa atatengewa. Sufuria inachaguliwa baada ya hapo. Mimi nilipika kwa ajili ya sahani ambazo sikuziona.

Na si kwamba Kanisa lilinificha. Ad Gentes, ile hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu kazi ya umisionari, ya 1965, inamtaka mmisionari ajifunze lugha na mila za watu anaoenda kwao. Nyuma zaidi, 1659, Propaganda Fide, ofisi ya Roma iliyosimamia umisionari, iliwaagiza waliokuwa wanatumwa Asia wasiwabadilishe watu mila zao, labda ziwe zinapingana wazi na dini na maadili. 1659 mkuu, na mimi na projekta yangu bado nikapitwa.

Sahani kwanza. Kabla ya neno moja la somo piga simu tatu: paroko wa huko, katekista, na mama mmoja wa jumuiya ambaye hana cheo chochote, huyo wa tatu ndiye atakayekwambia ukweli. Usiwaulize "mnahitaji nini", watakujibu kwa heshima kwamba chochote utakacholeta ni baraka. Uliza nani anakaa nyumbani na nani, nani huwa anakuja na nani aliacha kuja, saa ngapi watu wako huru, na nani tayari anafanya hicho unachotaka kwenda kufanya. Kisha nyamaza uandike.

Kuna mtu atakuja hapa chini aseme Roho Mtakatifu ataongoza. Kwangu aliongoza vizuri tu, alikuwa anakohoa pale pembeni.

Ukishapiga hizo simu rudi hapa tuone kinachobaki kwenye masomo yako kumi, mimi yalibaki mawili. Na kama uchapaji umeshaulipia uniambie usione aibu, vyangu maboksi mawili bado viko chini ya kitanda, kimoja kimekunjwa kinazuia mlango wa jikoni usijifunge.