Elektroni Haijui Kwamba Inatazamwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba elektroni zikirushwa kwenye kizuizi chenye mipasuo miwili huchora, kwenye skrini iliyo nyuma yake, mistari ya mwingiliano wa mawimbi, lakini zikitazamwa zinapopita, mistari hiyo hutoweka. Elektroni hujuaje kwamba inatazamwa? Na kama kifaa kimewashwa lakini hakuna anayesoma matokeo yake, inakuwaje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mistari hutoweka vilevile. Kinachopotosha ni neno “kutazama”, ambalo wanafizikia wamelizoea kiasi cha kusahau kwamba wengine wakilisikia hufikiria jicho la mtu. Ili ijulikane elektroni imepita mpasuo upi, ni lazima kitu fulani, tuseme chembe ya mwanga, kikutane nayo na kuondoka na alama ya njia hiyo. Alama ikishabaki popote pale, mawimbi ya njia hizo mbili hayawezi tena kuimarishana hapa na kufutana pale. Aliyekanyaga tope ameacha nyayo, awepo wa kuzisoma au asiwepo. Mimi binafsi ningependa tuseme “ushahidi” badala ya “kutazama”.

Jaribio linalolionyesha hili waziwazi zaidi lilifanyika Vienna, Austria, ambako mwanafizikia Anton Zeilinger na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1999 kwamba hata molekuli yenye atomi 60 za kaboni huchora mistari hiyo. Mwaka 2004 kundi hilo lilichukua molekuli za atomi 70 na kuzipasha joto kwa leza kabla hazijapita kwenye mipasuo. Zilipopata moto sana zilianza kutoa mwanga zenyewe, kama chuma cha mhunzi, na mwanga huo ukaenda na habari za mahali zilipokuwa. Hakuna aliyeupokea wala kuupima, na bado mistari ilififia kadiri joto lilivyopanda, hadi ikapotea. Kabla ya hapo, gesi kidogo iliyoingizwa ndani ya ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) la mtambo ilikuwa imeleta matokeo ya namna hiyo hiyo kwa kugongana na molekuli.

Ufifiaji huo wa polepole ndio unaonishawishi, kwa kuwa ushahidi nusu hufuta mistari nusu. Hata hivyo, maelezo haya hayajibu kwa nini elektroni fulani imetua kwenye nukta hii ya skrini na si ile ya jirani, na juu ya hilo wanafizikia wangali wanabishana.